Moto wa Rungwe na Wajumbe wa Kusadikika: Hadithi Iliyomo Katika Ulimwengu Wake Yenyewe

Zamani, ilipowadia siku ya ubusoka katika nchi ya Wanyakyusa, moto wa kale ulizimwa majumbani. Ubusoka ulikuwa sherehe ya kuwatoa wana wa malafyale, yaani mtawala, ili waishike nchi pamoja na vijana wa rika lao, nao ulifanywa mara moja tu katika kila kizazi. Jina lenyewe latokana na kitenzi cha Kinyakyusa chenye maana ya kutoka. Wana wawili wa mtawala walifungiwa nyumbani, wakapewa dawa na mafundisho, kisha wakatolewa mbele ya watu. Moto mpya ulipekechwa kwa vijiti, nao ndio ulioshika mahali pa ule uliozimwa.

Mgeni aliyefika Tukuyu bila ya kuzijua habari za Rungwe angaliweza kudhani kwamba desturi hiyo ni ya kuitakasa nchi tu. Kumbe moto huo ulikuwa na hadithi yake. Wazee walisimulia kwamba watu wa kwanza wa nchi hiyo hawakuwa na moto, na walikula vyakula vibichi. Ndipo mababu wa watawala waliposhuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto na ng'ombe, na wenyeji wakawakubali kuwa wakubwa wao. Habari hizi ziliandikwa kwa kirefu na Monica Wilson, ambaye yeye na mumewe Godfrey Wilson walifanya utafiti katika Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaendelea peke yake kuyatoa matunda ya kazi yao: kitabu juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, juu ya mila za ukoo mwaka 1957, na juu ya ibada za jamii nzima mwaka 1959.

Jambo la kuangaliwa hapa ni hili. Hadithi ya moto ilieleza jinsi ulimwengu wa Wanyakyusa ulivyoanza, na wakati huo huo ilikuwamo ndani ya ulimwengu ule ule uliosimuliwa. Haikukaa nje yake kama kitabu kikaavyo nje ya mambo kinayoyaeleza. Walioizima mioto yao na kungojea moto mpya walikuwa wajukuu wa wale waliokula vibichi katika hadithi, na waliotolewa nyumbani walikuwa wajukuu wa wale walioshuka mlimani. Kila kizazi kiliingia katika hadithi yake mara moja, kikaiona kwa macho, kikatoka tena.

Wataalamu wa fasihi wa siku hizi hupenda kuitazama hali ya namna hii kuwa ni werevu wa waandishi wa hadithi za kubuni za sayansi, ambao hadithi yao huweza kuonekana ndani ya ulimwengu wake yenyewe ikisomwa, au ikikataliwa, na watu wa humo humo. Lakini swali lililo chini ya werevu huo ni la zamani, tena si la mchezo: watu hupata nini, na watawala huogopa nini, pale ulimwengu unapokuwa na hadithi yake ndani yake?

Katika Rungwe jibu lilikuwa limegawanywa kwa mizani. Kwa juu juu, hadithi ya moto iliwatukuza watawala, kwa kuwa wao ndio walioleta kitu ambacho bila ya hicho mtu hapiki wala hafui chuma. Hata hivyo watawala hawakuweza kuiigiza peke yao. Wakuu wa watu wa kawaida, waitwao amafumu, walikuwa na sehemu yao katika kumsimika kijana, na nguvu yao ilikuwa ile ambayo Wanyakyusa waliiita pumzi ya watu, yaani uwezo wa siri wa wanavijiji wa kumwadhibu mtu aliyevunja desturi, hata akiwa mtawala. Monica Wilson alilifanya neno hilo kuwa sehemu ya kichwa cha mhadhara wake wa mwaka 1959 wa kumkumbuka James Frazer. Malafyale mzee, naye, hakutazamiwa kuishi siku nyingi baada ya wanawe kutolewa. Kwa hiyo hadithi iliyompa mtu utawala ndiyo iliyompokonya ilipoigizwa mara ya pili, na aliyeisikia akiwa kijana alijua mwisho wake ungekuwaje.

Ukali wa mizani hiyo ulionekana zaidi Lubaga, mahali patakatifu pa Lwembe, shujaa mmojawapo wa masimulizi hayo. Lwembe hakuwa wa zamani tu. Palikuwa na mtu aliye hai ambaye alilichukua jina hilo, na mvua, rutuba na heri ya nchi vilisadikiwa kuwa mwilini mwake. Kwa kuwa hakuruhusiwa kufa kwa maradhi kama watu wengine, na makuhani wake walimnyonga alipougua, waliostahili kuirithi heshima hiyo waliikimbia, na aliyechaguliwa ilibidi akamatwe. Mtu alishikwa kwa nguvu akatiwa ndani ya hadithi. Yafaa jambo hili likumbukwe kila inaposemwa kwamba hadithi ni maneno matupu.

Jina la Kyala lilikwenda njia nyingine. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, walioingia nchi hiyo mwaka 1891, walilitumia jina hilo kwa Mwenyezi Mungu, na hiyo ndiyo maana yake katika Kinyakyusa cha leo. Monica Wilson alishikilia kwamba hapo awali Kyala alikuwa shujaa miongoni mwa mashujaa, mwenye mahali pake pa ibada karibu na mwambao wa Ziwa Nyasa. Wako wengine waliomwona kuwa Mungu mkuu tangu mwanzo. Iwapo Wilson alisema sawa, basi katika Rungwe shujaa mmoja wa masimulizi alishuka akawa mtu wa kukamatwa, na mwingine akapanda akawa Mungu wa kusaliwa, na lugha ikayapokea yote mawili bila ya kubadili hata herufi.

Kwa nini lugha iliyapokea kwa wepisi namna hiyo? Sababu moja imo katika sarufi. Kinyakyusa kina kiambishi cha kitenzi kwa ajili ya kusimulia, nacho ni -linku-, kama katika alinkuti, yaani akasema. Bastian Persohn amekieleza kwa makini katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya kitenzi cha Kinyakyusa. Kiswahili nacho kina -ka-, ambayo huegemea kitenzi kilichotangulia na kukifuatisha tendo la pili, na la tatu, hata kisa kiishe. Viambishi hivi viwili havikulingana katika kila jambo, lakini vyapatana katika hili: vyaonyesha kwamba mambo yanasimuliwa kwa mfuatano, wala havionyeshi kwamba ni ya kweli au ya kubuni. Mtu asemaye sungura akamwambia fisi, na mtu asemaye gavana akamwambia mtawala, hutumia -ka- moja. Mhakiki atafutaye mpaka wa kweli na wa kubuni ndani ya kitenzi hatauona.

Kwa hiyo mpaka huo hapana budi uwekwe mahali pengine. Msimulizi wa ngano za pwani aliuweka mwanzoni, kwa ile desturi ya kuwaita wasikilizaji na kuukaribisha uwongo waziwazi kabla ya kisa kuanza, nao wakaitika kwa hiari yao. Mwandishi wa kitabu hana wa kumwitikia. Huyu ameutafutia mpaka huo mahali papya, napo ni katika jina la nchi aliyoibuni. Hapo ndipo Kiswahili kilipoifikia kazi ile ile iliyofanywa na moto wa ubusoka, ingawa kwa njia ya maandishi.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alitoa Kusadikika mwaka 1951, akiwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika. Nchi ya kisa hicho imo angani. Jina lake ni kitenzi sadiki kilichotiwa katika kauli ya kutendeka: kusadikika ni kuwa na hali ya kuweza kusadikiwa. Sifa ambayo kila hadithi huitamani imefanywa kuwa jina la nchi ambamo hadithi hiyo yatokea. Tena ku- ya mwanzo, ambayo ni ya kitenzi-jina, yafanana kwa umbo na ku- ya mahali, iliyomo katika huku na kule. Msomaji asikiaye jina hilo kwa mara ya kwanza huweza kuona mahali pale pale anapoona tendo. Raia wa nchi hiyo, kila wanapoitaja kwao, hutaja bila ya kujua sharti lililowafanya waweko. Mwandishi alirudia njia hiyo katika Kufikirika, kitabu kilichotolewa mwaka 1967 baada ya kufa kwake.

Lakini jina ni mlango tu. Ndani ya nchi hiyo Karama ameshtakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria, naye hujitetea mbele ya baraza kwa kusimulia. Husimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, yaani pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe alivumilia taabu za safari, akaona nchi yenye mambo mema, akarudi kuieleza Kusadikika jinsi iwezavyo kutengenezwa, na malipo yake yakawa kifungo. Hivyo hadithi zimo ndani ya hadithi kwa tabaka mbili. Wajumbe walisimulia wakafungwa. Karama asimulia kusimulia kwao, naye yu karibu kuhukumiwa kwa kosa la jamii hiyo hiyo. Na nje ya Karama yuko mwandishi aliyekuwa chini ya serikali ya wageni, akiandika habari za serikali isiyopenda kuambiwa. Kitabu kimeonyesha ndani yake hatari iliyokuwa ikikingojea chenyewe.

Ukiweka kisa hiki kando ya kile cha Rungwe, utaona kwamba vyote viwili vimejengwa juu ya msafiri aletaye kitu kutoka nchi ya mbali. Katika Unyakyusa msafiri alishuka kutoka mlimani na moto, akafanywa mtawala. Katika Kusadikika msafiri alirudi na habari za maisha mema, akafanywa mfungwa. Tofauti haikutokana na thamani ya mzigo, maana habari zaweza kumfaa mtu kama moto umfaavyo. Ilitokana na mahali mzigo ulipowakuta watu. Wenyeji wa Rungwe, kama hadithi yao inavyosema, walikuwa hawana moto na walijua kwamba hawana. Wakubwa wa Kusadikika hawakukubali kwamba nchi yao imepungukiwa na kitu. Mwisho wa kitabu Karama apata haki yake, na wajumbe wafunguliwa. Na hilo latukia kwa nguvu ya kusimulia tu, kwa kuwa baraza limelazimika kuyasikiliza tena mambo ambayo lilikuwa limeyafungia gerezani.

Ng'ambo ya bahari, mfano ulio karibu kabisa na Kusadikika umo katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ulioanza Marekani mwaka 1966 na kuzaa mifululizo mingine. Katika mmoja wa hiyo, uitwao Deep Space Nine, uko mchezo wa Februari 1998 unaojulikana kwa jina la Far Beyond the Stars. Nahodha wa kituo cha angani, Benjamin Sisko, ambaye ni mtu mweusi, ajiona ghafula kuwa mtu mwingine: Benny Russell, mwandishi mweusi wa gazeti la hadithi za sayansi mjini New York mwaka 1953. Russell aandika hadithi ya kituo cha angani na nahodha wake mweusi, yaani mfululizo wenyewe sasa umo ndani yake wenyewe, kama kazi ya mtu maskini akaaye mbele ya mashine ya kupiga chapa. Mhariri aikataa kwa sababu ya rangi ya nahodha. Baadaye akubali ichapwe, kwa sharti igeuzwe kuwa ndoto ya mtu. Lakini mwenye gazeti aamuru toleo zima liharibiwe, na Russell apoteza kazi.

Jambo hilo halikuwa la kubuni tupu. Samuel Delany, mwandishi mweusi wa hadithi za sayansi, ameeleza kwamba katika miaka ya 1960 mhariri John Campbell alimkatalia riwaya yake Nova, iliyotoka mwaka 1968, akidai kwamba wasomaji wake wasingeweza kumpokea mhusika mkuu mweusi. Kwa hiyo tabaka la ndani kabisa la mchezo ule, gazeti lililoharibiwa, ndilo lililokaribia historia kuliko matabaka mengine yote.

Sharti la mhariri lastahili kufikiriwa zaidi. Alikuwa tayari kuichapa habari ya nahodha mweusi maadamu msomaji aambiwe kwamba ni ndoto. Katika Kusadikika wajumbe walifungwa kwa sababu walisema ni kweli. Lau wangesema kwamba wameota, yamkini wangeachwa. Ndoto haimdai mtu kitu chochote. Hadithi inayosimama ndani ya ulimwengu wake bila ya kuomba radhi humdai mtu wa ulimwengu huo ajiulize kama mambo aliyoyazoea yalitengenezwa na mtu, na kama yaliyotengenezwa yaweza kutengenezwa upya.

Katama Mkangi wa Kenya, aliyefariki mwaka 2004, aliufikisha mpango huu mahali pengine katika Walenisi, riwaya ya mwaka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa, apelekwa kwa chombo cha angani hata afike katika ulimwengu wa watu wanaoishi kwa usawa. Hapa tena yuko msafiri na nchi ya juu, na jina tena ndilo lenye kubeba maana: wale ni sisi. Kionyeshi cha mbali na kiwakilishi cha nafsi ya kwanza vimekutanishwa kwa ni iliyo katikati, na umbali wote wa angani umefutwa kwa silabi moja. Shaaban Robert alimwambia msomaji kwamba nchi ile yasadikika. Mkangi alimwambia kwamba watu wa kule ndio yeye. Mtu wa Rungwe aliyeuzima moto wake ili angojee ule mpya hakuhitaji kuambiwa neno hilo, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikilitenda.

Ndipo inapobidi kuyarudia mambo ya Rungwe kwa mara ya mwisho. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliuondoa utawala wa machifu. Malafyale hakuwa tena mtawala kwa sheria, na hadithi ya ubusoka haikuwa na mtu wa kumtoa nyumbani. Monica Wilson alikuwa amerudi kuizuru nchi hiyo mwaka 1955, na kitabu chake cha mwisho juu ya Wanyakyusa na jirani zao kilitoka mwaka 1977. Mwaka uliofuata C. S. Mwakasaka alitoa kitabu juu ya fasihi simulizi ya Wanyakyusa. Vitabu hivyo ni hazina, na vingi katika hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Hadithi ya moto, ambayo ilikuwa ndani ya ulimwengu wake, sasa yakaa rafuni kama habari za ulimwengu mwingine.

Si kwamba yafaa utawala ule urudi, wala kwamba mtu akamatwe tena Lubaga. Kilichopotea pamoja na ubusoka ni kile kitendo cha nchi nzima kujiona, japo kwa siku moja, kuwa imo ndani ya kisa chenye mwanzo, na kwa hiyo chenye uwezekano wa kwenda njia nyingine. Riwaya ya Kiswahili yaweza kuifanya kazi hiyo, na Kusadikika ni ushahidi. Lakini yaweza kuifanya vyema zaidi ikiwa na ngano za bara mbele yake kwa lugha zake zenyewe na kwa tafsiri ya Kiswahili, pamoja na mabishano ya wasimulizi juu ya nani aliyeleta nini na nani aliyempa nani kiti. Mkusanyaji anayeandika ngano na kuyaacha mabishano huandika nusu. Maana mabishano hayo ndiyo alama ya kwamba waliosimulia walijua kuwa ni hadithi, wakaishi ndani yake hata hivyo.

Wanafunzi wa isimu wanaopelekwa Tukuyu kurekodi vitenzi vya Kinyakyusa wanayo nafasi njema. Msimulizi akisha kumaliza kisa na -linku- zake zote, yafaa aulizwe swali moja la ziada: na upande wa pili, wao husimuliaje? Mzee aliyesikia habari za moto kutoka kwa ukoo wa watawala, na yule aliyezisikia kutoka kwa ukoo wa amafumu, huenda wakakaa kijiji kimoja. Maneno yao mawili yakiandikwa ukurasa mmoja, msomaji atakuwa na karibu kila kitu ambacho baraza la Kusadikika lilikawia kukisikiliza.